Chiku na Nyumba Isiyoitika Hodi

Zamani, wanangu, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na nyumba na mashamba, na walipigiana hodi kama tunavyopigiana sisi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kipambani. Wenyeji wake wote walilima pamba, na msimu wa kuchuma ulipofika, kijiji kizima kilikuwa cheupe.

Katika kijiji hicho ukoo wa mbwa ulikuwa ukoo wa wawindaji. Walikuwa warefu, wembamba wa tumbo, wenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo, na mbio zao zilijulikana hata nchi za mbali. Ndani ya ukoo huo alizaliwa mtoto wa kike. Wakamwita Chiku, yaani msemaji, kwa sababu alianza kubweka hata kabla hajafumbua macho.

Ndugu zake walikua, yeye akabaki pale pale. Kimo chake hakikupita chungu cha kupikia wali. Miguu yake ilikuwa mifupi, mwili mrefu kidogo kuliko kimo, masikio yamelala pembeni ya kichwa. Na manyoya yake hayakufanana na ya mtu yeyote nyumbani kwao. Yalikuwa meupe, marefu na laini, kama pamba iliyopasuka asubuhi hiyo hiyo shambani. Katika weupe ule ulikuwa unaona vitu vitatu tu vyeusi: macho mawili ya mviringo na pua.

Watu waliuliza sura ile imetoka wapi. Mama yake aliwaambia kwamba upande wa kwao walitokea kisiwani, na kwamba huko kisiwani mbwa wa namna hii walikuwapo tangu zamani. Hawakuwinda. Walikaa ndani na wenyeji wao, basi. Waliosikia walitikisa vichwa. Pale Kipambani hakuna aliyejua mbwa wa kukaa ndani anafanya kazi gani.

Baba yake alikuwa mkuu wa wawindaji, na alimpenda. Alimchukua porini, akamfundisha kunyata na kunusa. Lakini swala walimwona Chiku kutoka mbali kwa weupe wake, wakakimbia kabla mtu hajakaribia. Manyoya yake yalinasa kwenye miiba. Kila safari alirudishwa nyumbani amebebwa mdomoni kama kitoto, na mbwa wengine walianza kunung'unika.

Siku moja baba yake alimwita pembeni.

"Mwanangu, sikufukuzi," alimwambia. "Lakini hapa kila anayekula nyama ameikimbilia. Nikikulisha bure wataninyima neno mbele ya wenzangu. Nenda ukatafute mahali patakapokufaa."

Mama yake alimfungia kibunda kidogo cha nyama iliyokaushwa, naye Chiku akaondoka huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Alipopita kona ya mwisho akalia.

Alizunguka kijijini akiomba kazi. Kwa nguruwe walitaka mtu wa kuchimba, naye hakuwa na nguvu. Kwa nyani walitaka mtu wa kupanda, na hilo halikuwezekana kabisa. Wote walimtazama, wakasema ni mzuri, wakafunga mlango. Mwishowe akafika pembezoni mwa kijiji, kwenye nyumba ya udongo yenye baraza pana na shamba zuri la pamba kwa nyuma. Akapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Akapiga tena. Kimya.

Kanga mmoja aliyekuwa akiteka maji jirani na hapo akamwita, akamwambia asijisumbue. Mle ndani alikuwamo punda mzee, Bi Zuwena, naye alikuwa hasemi na mtu. Kisha Kanga akatua mtungi wake na kumsimulia habari yenyewe.

Bi Zuwena alikuwa na binti mmoja tu, Salima. Wakati wa mvua zilizopita Salima alitakiwa kuvuka mto kwenda kumtazama shangazi yake mgonjwa. Akamuuliza mama yake kama mto umepungua. Mama akatoka barazani, akatazama maji kwa mbali, akamwambia, "Nenda, mwanangu, mto umepungua." Salima akaenda, na mto ukamchukua.

"Hilo ndilo neno lake la mwisho," Kanga alisema kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile hajafungua kinywa. Analima, anachuma, anapika kidogo. Kusema, hasemi. Nadhani anakiogopa kinywa chake mwenyewe."

Kanga alibeba mtungi akaenda zake. Chiku alirudi barazani, akasukuma mlango kwa pua, akaingia.

Bi Zuwena alikuwa ameketi kwenye kona, kichwa chini. Hakumfukuza. Hakumkaribisha pia. Chiku alimwamkia shikamoo, na jibu halikuja. Basi akaenda akalala miguuni pake, mgongo wake ukigusa kwato za mzee, akatulia. Bi Zuwena hakusogeza miguu.

Ndivyo Chiku alivyoanza kukaa katika nyumba ile. Bi Zuwena akienda shambani, Chiku yuko nyuma yake. Akienda jikoni, yuko nyuma yake. Akienda msalani, Chiku anamngoja mlangoni. Mgeni akikaribia, Chiku alibweka mpaka mgeni asimame. Mgeni akikaa vizuri, alimpokea kwa furaha. Mara nyingine alisimama kwa miguu ya nyuma na kutembea hivyo uani, mikono ikining'inia, na siku moja akamwona Bi Zuwena akigeuza uso upande ili asionekane akitabasamu. Jioni ile alipata chakula chake katika sahani ya udongo iliyokuwa ya Salima. Bi Zuwena alimwekea mbele, akamsugua kichwani kwa mdomo wake, akaenda kulala bila neno.

Sasa, wanangu, hapo jirani palikuwa na boma la Nyati. Nyati alikuwa na mashamba mengi na bado aliona hayatoshi. Alikuwa mkubwa, mwenye pembe nzito na sauti nzito, na alikuwa na rafiki yake Fisi, ambaye alijua sheria zote za kijiji kwa kuwa muda wake mwingi aliutumia kuzigeuzageuza.

Kipambani kulikuwa na sheria ya zamani. Nyumba ikipigiwa hodi tangu mavuno hadi mavuno, na mwenyewe asiitikie hata mara moja, ilihesabiwa haina mwenyewe. Aliyeidai mbele ya Jumbe alipewa. Waliotunga sheria hiyo walifikiria nyumba zilizohamwa. Hawakumfikiria mtu aliyemo ndani akiwa na huzuni.

Fisi ndiye aliyeikumbuka. Tangu Bi Zuwena anyamaze, alikuwa akipita pale barazani kila mara, anapiga hodi, anasikiliza, anaondoka. Chiku alidhani ni jirani mwema anayekuja kumjulia hali mzee, mpaka siku aliyowasikia Fisi na Nyati wakizungumza nyuma ya ua. Mavuno yalikuwa yamekaribia kwisha. Nyati alikuwa tayari anasema mlango ataupanua, maana kwa ulivyo pembe zake hazitapita.

Chiku alikimbia kwa Jumbe. Jumbe wa Kipambani alikuwa Tembo, mama wa makamo, mpole, asiyependa haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba sheria hakuitunga yeye, na hawezi kuivunja kwa sababu ya huruma, kwani kesho mwingine atamwomba aivunje kwa sababu mbaya.

"Mimi niko mle ndani," Chiku alisema. "Nikisikia hodi nabweka. Hiyo si sauti ya nyumba?"

"Wewe ni mgeni wa nyumba," Jumbe alisema. "Nahitaji neno kutoka kinywani kwa Bi Zuwena mwenyewe. Neno moja tu, hata likiwa dogo. Akilisema nikalisikia, hakuna atakayemgusa."

Chiku akarudi nyumbani, akamweleza mzee wake yote. Akamwomba aseme, siku Nyati atakapokuja na Jumbe kupiga hodi, neno lolote. Bi Zuwena alimsikiliza huku akitazama mtoni, upande alioondokea Salima. Akafungua mdomo. Midomo ilitetemeka, halafu akaifunga tena, akatikisa kichwa, na machozi yakashuka kwenye mashavu yake ya kijivu. Nyumba kwake haikuwa kitu tena. Angeiacha iende.

Lakini Chiku aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliona kwamba neno lilikuwapo mle kinywani. Lilikuja mpaka kwenye midomo, likarudi. Siku nzima alitembea nyuma ya Bi Zuwena akiwaza ni kitu gani kingelitoa. Jioni akawa amepata, na alichokipata kikamtia hofu.

Kesho yake akaenda kwa Nyati.

Alimkuta na Fisi wanakunywa uji. Akawaamkia kwa adabu, akakaa chini, akasema amechoka na nyumba ya kimya. Amezaliwa mtu wa maneno, na kule anaishi kama amezikwa. Akamwomba Nyati, atakapoichukua nyumba ile, ampe yeye kona moja barazani ya kulala.

Nyati alicheka, akamuuliza yeye atatoa nini.

"Nitakupa shauri, bwana," Chiku alisema. "Ukienda ukapiga hodi mbele ya Jumbe, na bibi akanyamaza, watakuwapo watakaomwonea huruma. Watasema apewe msimu mwingine. Lakini pamba yake imeshachumwa, imerundikwa uani. Panda juu ya rundo lile mbele ya kijiji kizima, uweke mguu wako kama mwenye mali. Mtu akinyamaza mali yake ikikanyagwa, nani atamtetea tena?"

Fisi aliacha kunywa. Akafikiri, akaona shauri ni zuri, akasema kwamba hata yeye alikuwa karibu kulisema. Nyati alipenda sana kuonekana, na moyoni alijiona tayari amesimama juu ya rundo lile, watu wote wakimtazama. Wakakubaliana. Fisi, ambaye hakumwamini mtu, akamtaka Chiku aondoke kwa Bi Zuwena asubuhi ya siku hiyo, waziwazi, na kibunda chake, ili mzee asiwe na mtu wa kumtia moyo. Chiku akakubali.

Siku ikafika. Asubuhi Chiku alichukua kibunda chake mdomoni, akapita mbele ya Bi Zuwena. Mzee alikuwa ameketi chini, kwenye kizingiti, mbele yake rundo la pamba limejaa ua. Alimwona Chiku, akaona kibunda. Akainua kichwa, akamtazama hivyo hivyo bila kusogea, mpaka Chiku akashindwa kumtazama tena. Alitamani kuangusha kibunda na kumwambia kila kitu. Lakini Fisi alikuwa amesimama njiani, anaangalia. Chiku akatoka, akapita mbele ya Fisi, akaenda zake. Nyuma yake Bi Zuwena aliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa magoti.

Fisi aliporidhika akaenda kuwaita wakubwa. Hapo Chiku akatupa kibunda, akazunguka kijiji mbio kwa miguu yake mifupi, akaingia shambani kwa nyuma. Bado palikuwa na pamba kwenye miche ya mwisho, na ndani ya weupe ule hakuna aliyeona cheupe kingine kikipita. Akatambaa mpaka uani kwa upande wa nyuma, akazama katika rundo. Akatulia. Akasikia moyo wake unapiga, dududu, dududu, akaogopa hata huo utasikika.

Punde watu wakajaa. Jumbe Tembo alikuja na wazee wake, majirani wakasimama kwenye ua, Kanga akiwamo na wanawe. Nyati akasogea mpaka barazani.

"Hodi!" aliita.

Bi Zuwena hakuinua kichwa.

"Hodi!" Mara ya pili. Watu walitazama chini kwa aibu. Wengine walimwomba mzee kwa kunong'ona aseme chochote. Mara ya tatu Nyati aliita kwa sauti iliyotikisa mlango, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko sauti yake.

"Mmesikia," Nyati alisema. "Nyumba haina mwenyewe. Shamba halina mwenyewe. Na pamba hii, kama mnavyoona, haina mwenyewe."

Akageuka kwenye rundo. Akainua mguu wa mbele, mkubwa kama kinu.

Mle ndani ya pamba Chiku alifumbua macho.

Nyati alikuwa juu, hakuona kitu ila weupe. Waliosimama uani hawakuona kitu. Lakini Bi Zuwena alikuwa ameketi chini, na kishindo cha Nyati kilimfanya atazame. Mbele yake, usawa wa uso wake, aliona vitu vitatu vyeusi katika pamba: macho mawili na pua. Yale macho yalikuwa yanamtazama yeye. Juu yake ukwato ulikuwa unashuka.

"Usikanyage! Mwanangu yumo humo!"

Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa miaka. Ilimshtua Nyati, akayumba, na mguu wake ukatua pembeni, puu, pamba ikaruka juu. Katika pamba ile iliyoruka akatoka Chiku akilia, kwa kuwa ncha ya mkia wake ilikuwa imekanyagwa. Aliukunja mkia mgongoni, akakimbilia kifuani kwa Bi Zuwena, naye mzee akamfunika kwa shingo yake.

Jumbe Tembo ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Nani amesema?"

Bi Zuwena alimgeukia. "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi Zuwena. Mama yake Salima." Kisha akamalizia. "Nyumba hii ni yangu."

Kanga alianza kulia palepale. Fisi akapiga kelele kwamba wamedanganywa, kwamba mbwa huyu aliondoka mbele ya macho yake, kwamba shauri la rundo lilitoka kwake. Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuelewa yeye na Nyati walikuwa wakipanga nini kwa muda wote ule. Jumbe alimwacha aseme mpaka akamaliza mwenyewe. Kisha akasema kwamba yeye alihitaji neno kutoka kinywani kwa mwenye nyumba, naye amelisikia. Aliyeinua mguu juu ya mali ya mtu hakusukumwa na mbwa mdogo kama huyu; ameuinua kwa kupenda kwake. Na sheria ile ya hodi, akasema, wazee wataikalia kikao waitengeneze upya, maana wamekaribia kumnyang'anya mtu nyumba kwa kosa la kulia.

Nyati aliondoka bila kuaga, pamba imemganda kwenye kwato. Fisi alimfuata kwa mbali.

Ua ulipobaki mtupu, Bi Zuwena alimtazama Chiku.

"Ulijua kwamba nitasema?" alimuuliza.

"Sikujua, bibi."

"Na kama nisingesema?"

Chiku alilaza kidevu chake juu ya goti la mzee. "Nilikuona umefungua mdomo siku ile," alisema. "Nikajua neno limo. Sikuwa na njia nyingine ya kuliita."

"Uliponipita na kile kibunda," Bi Zuwena alisema, "niliona mto unachukua mwingine. Umeniokoa, mwanangu, lakini umeniumiza pia. Usinitoke tena hivyo."

Chiku alimwomba radhi, akaahidi hatamtoka tena. Halafu Bi Zuwena akaanza kumsimulia habari za Salima: alivyozaliwa, alivyopenda kuimba akichuma pamba, alivyouliza kuhusu mto asubuhi ile, na jibu alilompa. Lile jibu alilisema polepole, neno kwa neno, akalia. Hakupona siku hiyo, wanangu, wala mwaka huo. Zilikuwapo siku alizorudi kwenye kona yake na kunyamaza. Siku kama hizo Chiku hakumhimiza aseme. Alilala miguuni pake, mgongo ukigusa kwato za mzee, akangoja.

Bi Zuwena alizeeka, akafa kitandani pake, majirani wakimzunguka, na Chiku alikuwa pembeni yake. Chiku naye alikuwa ameshapata watoto kwa wakati huo, na watoto wakapata watoto. Wote walitoka weupe, wadogo, wenye manyoya kama pamba na macho meusi ya mviringo, na mkia wao huukunja juu ya mgongo kama alivyoukunja mama yao siku ile. Ukimfuga mmoja wao atabweka mgeni akija, na atakufurahisha kwa kutembea kwa miguu miwili. Lakini usimwache peke yake siku nzima, atalia. Kutoka chumba hadi chumba atakuwa nyuma yako, kwa sababu ahadi ile waliirithi.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: anayekaa karibu na mwenye huzuni huiona njia ambayo mwenye nguvu hawezi kuiona.